Mwanaidi, Guta Halikuharibika

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu na dua nimemwachia mama yako. Yeye anazijua kuliko mimi, na atakupa za kutosha mpaka uwanja wa ndege. Habari za kuvaa vizuri, kula kwa wakati na kupiga simu kila Ijumaa nazo ni zake. Mimi nina jambo moja tu, na nimelijua leo asubuhi, wakati kesho unaondoka na hakuna tena kinachoweza kurekebishika.

Wewe hukuliharibu guta. Halikuwahi kuharibika.

Nimeiandika sentensi hiyo kisha nikaweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Mmeenda Segerea na mama yako kumuaga shangazi, nyumba iko kimya, na pale ukutani tulipokuwa tunaliegesha pamebaki alama za matairi tu. Nilipanga nikuambie kwa mdomo. Mchana mlipokuwa mnakula nilifungua kinywa nikaishia kuomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu. Uliniangalia ukanisogezea. Ndiyo maana naandika.

Nataka nianze mbali kidogo, univumilie. Unakumbuka siku lilipofika? Miaka yote uliyonijua nilikuwa mtu wa guta la kukanyaga, napakia viroba vya unga kwenye mashine za Manzese, napeleka madukani Mabibo na Kigogo, na jioni narudi magoti yamevimba, mama yako ananikanda na maji ya moto. Halafu nikaleta lile la umeme. Magurudumu matatu, pedali za akiba, bodi nyuma, betri chini ya kiti, mota ndani ya gurudumu. Pale mashineni walinicheka mpaka nikakoma. "Mzee Shomari, chaji ikikuishia njiani utampigia nani, Tanesco?" Mama yako hakucheka. Yeye alisema tu kwamba nimeuza kiwanja cha Chanika kununua toi la watoto, akaingia ndani, na usiku ule tulikula kiporo cha ugali wa mchana.

Wewe peke yako ulifurahi. Ulikaa kwenye kiti ukanisomea vile vimaneno vya Kiingereza kwenye kioo chake kidogo, hiki mwendo, hiki chaji, hii taa. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne na matokeo mazuri, na tulikubaliana wote wawili, mimi na wewe, kwamba guta ndilo litakalokupeleka chuo cha uuguzi. Hukusema "nataka". Ulisema "nitakapokuwa nesi". Magoti yakinizidi ulikuwa unaendesha wewe, na watu wakaanza maneno, mtoto wa kike na viroba. Ukaniambia, "Baba, waache waongee. Kiroba hakijui nani anakiendesha." Nililicheka neno hilo wiki nzima.

Nalieleza hili si kwa sababu umesahau. Nalieleza kwa sababu mwaka huu wote nimekuwa mtu anayekukumbuka kwa kosa moja, na nataka uone mwenyewe kwa mwandiko wangu kwamba yale mengine nayo nilikuwa nayajua.

Sasa, wiki ile ya Idd. Kulitokea mambo mawili wiki ile, na mimi nikaliona moja.

La kwanza, jirani yetu Athumani aliibiwa guta lake mchana kweupe. Aliliacha nje ya msikiti, akaswali, akatoka akakuta patupu. Mimi nikashtuka. Siku ile ile nikanunua mnyororo mnene na kufuli lile kubwa, nikavitia kwenye mfuko wa turubai. Nyumbani tulikuwa tunalifunga guta kwenye nguzo, mfuko unabaki mtupu ndani. Kwa fundi nilikuwa naupakata mapajani, maana gereji nazo zina mikono yake. Lakini barabarani niliutundika mbele, kwenye mkono wa breki wa kushoto, niuone kwa macho yangu. Nilikufundisha na wewe hivyo hivyo. Ulitaka kuuweka nyuma kwenye viroba, nikakukatalia: "Weka nyuma, ukifika mataa ya Manzese huukuti. Tundika hapa." Ukatundika.

La pili, uliliosha. Mkesha wa Idd ulilipeleka pale wanapoosha magari kwa mpira wa presha, kwa sababu unga ulikuwa umechanganyika na mvua ukakauka kama plasta, na mwenye duka mmoja wa Mabibo alikuwa amekuambia guta lenu chafu. Ulitaka Idd itukute wasafi. Ulirudi nalo linang'aa, nguo zimekuloa, unacheka.

Siku tuliyorudi kazini likaanza kukata moto.

Unajua lilivyokuwa linakata. Unavuta mafuta, kama tunavyosema ingawa ni umeme, linakwenda vizuri, unafika kwenye tuta au kwenye barabara yenye mashimo, ghafla mota inanyamaza. Halizimi kabisa, kioo kinawaka, chaji imejaa, lakini nguvu hamna. Unakanyaga pedali na mzigo ule mpaka mgongo unataka kukatika. Ukitembea kidogo linarudi. Ukifurahi linakata tena. Mara ya kwanza lilinikatikia katikati ya barabara, magari nyuma yananipigia honi na matusi, na viroba viwili vikadondoka, kimoja kikapasuka. Nilisimama pale mweupe kwa unga kama maiti, na kitu cha kwanza kilichoniingia kichwani kilikuwa wewe na ule mpira wa maji.

Sikuuliza. Nilifika mashineni, wapakiaji wote wapo, na wewe ulikuwa umekuja kuniletea chai. Nikakuambia mbele yao, "Umeiua mota kwa maji yako." Ulisema, "Baba, niliziba betri kwa nailoni, na nilimwambia yule kaka asipige kwenye mota." Nikasema usinijibu. Yule mpakiaji mrefu, Mnyagatwa, akaja kunituliza, "Mzee, taratibu, mtoto hakukusudia." Na mimi nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa, unayajua. Ulishika chupa ya chai ukaondoka hujaifungua.

Tangu siku ile tulihangaika nalo. Nitakutajia, maana nataka ujue kwamba hata kuhangaika kwangu kulikuwa kwa upofu. Fundi wa kwanza akasema betri, tukabadilisha betri. Likakata. Wa pili akasema kontrola, ile sahani ndogo inayogawa umeme, tukaagiza tukasubiri, ikaja, tukaifunga. Likakata. Nyaya zote nikazizungushia nailoni na gundi mpaka likaonekana kama mgonjwa wa ajali. Mama yako akasema labda ni jicho la mtu, likasomewa dua. Nilitoka pale nikiwa na moyo mkunjufu, nikavuka tuta la kwanza, la pili, la tatu likakata.

Na jambo lililonitia wazimu ni hili: kwa fundi halikuwa linakata. Nafika, nashuka, naupakata mfuko wangu, fundi analipanda anazunguka gereji nzima, analipakia matairi ya lori na watu wawili, linakwenda kama jipya. "Mzee, mbona zima hili?" Nilionekana mwongo. Ni kama mtoto anayekohoa usiku kucha, ukimfikisha kwa daktari anacheka. Fundi wa Manzese aliniuliza kitu kimoja ambacho leo kimenirudia: "Breki umeziangalia?" Nikamjibu breki zinashika vizuri sana. Nilidhani anauliza kama guta linasimama. Yeye alikuwa na kazi nyingine, hakuendelea.

Lakini si yeye aliyekaribia. Aliyekaribia ni wewe.

Ilikuwa Kigogo, tunarudi, wewe unatembea nyuma kwa sababu nilikuwa sitaki hata ukae kwenye bodi. Ukasema, "Baba, mbona taa ya breki inawakawaka nyuma na wewe hujashika breki?" Nakumbuka sauti yako ilivyokuwa. Ulikuwa hunilaumu, ulikuwa umeona kitu na unataka tukiangalie pamoja, kama zamani. Na mimi sikugeuka hata kichwa. Nikasema, "Hayo ndiyo maji yako, yameingia mpaka kwenye taa." Hukuniuliza tena kitu chochote kuhusu guta, na mimi nikaona afadhali, nimepata utulivu.

Kama ningegeuka siku ile ningeuona mfuko unarukaruka kwenye mkono wa breki. Hilo ndilo lote, mwanangu. Hakuna kingine.

Nikueleze ilivyokuwa leo. Yule bwana wa Kawe anayeuza maji alikuja na pesa, tukaita mjumbe wa mtaa ashuhudie, tukakabidhiana. Nilimwambia ukweli kwamba linakata moto, na yeye akalinunua kama bovu, kwa bei ya bovu. Alitaka kupitia mashineni achukue viroba vyake vya unga, nikaenda naye kumwonyesha njia. Likapakiwa. Kwa mazoea tu nikatundika mfuko kwenye breki, nikamwambia, "Na mnyororo huu nakuachia, mie sina cha kufunga tena." Akaondoka, mimi natembea nyuma yake. Tuta la kwanza likakata. Nikasema moyoni, ndiyo hivyo, amejionea.

Yeye hakukasirika. Mfuko ulikuwa unamgonga goti. Akasema, "Mzee, hili dude lako linaniumiza," akaunyanyua akautupa nyuma juu ya viroba. Na mimi nikaona taa nyekundu ikizimika.

Akavuta mafuta likaondoka. Likavuka tuta. Likavuka mashimo yote yale ya mbele ya kinu, limejaa viroba mpaka juu, na kile kimlima cha kutokea barabarani ambacho mimi nilikuwa nakipanda nikisukuma kwa kifua. Nilimkimbilia nikamwomba asimame. Nikachukua mfuko nikautundika, taa ikawaka. Nikamwambia vuta. Kimya. Nikautoa, taa ikazima. Vuta. Likaruka mbele. Nikautundika tena, nikautoa tena. Watu wakaanza kusimama. Yule bwana akasema, "Mzee, vipi, unacheza?"

Ndani ya mkono wa breki kuna kidude kidogo. Ukishika breki hata kidogo tu, kabla gurudumu halijahisi chochote, kinakata umeme wa mota ili guta lisisukume wakati wewe unalisimamisha. Wametengeneza hivyo kwa usalama. Uzito wa mnyororo ulikuwa unavuta ule mkono kidogo tu, na kila tukirushwa na tuta, unavuta zaidi. Guta lilikuwa linatii. Mwaka mzima lilikuwa linafikiri nimeshika breki, na kweli nilikuwa nimeshika, kwa kufuli langu mwenyewe, kwa kuogopa wezi.

Nilimwomba anirudishie. Najua unanifahamu, najua huwezi kuamini kwamba mimi nimemwomba mtu kwa namna hiyo, mbele ya mashine, Mnyagatwa na wenzake wanaangalia. Nilimwambia chukua pesa yako yote, ongeza na yangu. Akanisikiliza kwa heshima. Kisha akasema, "Mzee wangu, shikamoo yako nimekupa, bei uliyosema nimelipa, mjumbe ameona. Nimelinunua na ubovu wake. Sasa limepona ndiyo unalitaka? Ungekuwa wewe ungerudisha?" Nisingerudisha. Akanikabidhi mfuko mkononi, akashika njia ya Kawe. Taa ya nyuma haikuwaka mpaka alipofika kwenye magari na kushika breki kweli.

Nilirudi kwa miguu. Mnyororo ule ni mzito, na sikuutupa, sijui kwa nini.

Mwanaidi, nimekaa hapa tangu mmeondoka nikijiuliza kwa nini ilikuwa rahisi vile kuamini ni wewe. Fundi hakusema maji. Hakuna fundi hata mmoja aliyesema maji. Walifungua ile mota mara mbili na ndani ilikuwa kavu kabisa, na mimi nikasema yamekauka. Nadhani ni hivi. Niliuza kiwanja cha familia. Nilichekwa. Kama guta lile lingekuwa bovu tangu kiwandani, basi mjinga ni mimi, na mama yako alisema kweli, na wapakiaji walisema kweli. Nilihitaji liwe limeharibiwa. Na mtu wa karibu aliyeligusa, ambaye hawezi kunijibu, alikuwa wewe. Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo, na nimeyatafuta.

Mimi nilipoondoka Handeni kuja huku, baba yangu alikuwa amekaa anachonga mpini wa jembe. Nilimuaga, akasema "haya" bila kuinua macho. Niliondoka na hasira nikakaa nayo miaka. Alipokufa ndipo shangazi zangu wakaniambia kwamba siku ile aliuchonga mpini mpaka ukawa mwembamba haufai, kwa sababu alikuwa haoni, machozi yamemjaa. Nikaapa nikiwa na mtoto nitasema naye. Nikawa mtu wa kusema kweli, nikasema sana, nikasema kwa sauti, mbele ya watu, na yote niliyosema yalikuwa uongo. Sasa sijui nani kati yetu alikuwa na nafuu, yeye au mimi.

Halafu ile siku uliyokuja na habari za Muscat. Pasi ya kusafiria tayari, wakala tayari, kila kitu umekifanya peke yako na rafiki yako wa Tandale, sisi hatujui. Mama yako alilia palepale. Ulikaa kwenye kile kigoda, ukaangalia chini, ukasema, "Baba, nitalipa guta lako."

Na mimi nikasema, "Sawa."

Neno hilo ndilo linaloniua leo. Maneno ya mashineni nilikuwa na hasira, mtu anaweza kusema hasira. Lakini siku ile sikuwa na hasira yoyote, nilikuwa nimetulia, nimeshiba, na mtoto wangu aliyetaka kuwa nesi ananiambia anakwenda kufua na kupika kwenye nyumba ya watu asiowajua ili alipe kitu ambacho hakukivunja, na mimi nikaona ni haki. Nikasema sawa, kama mtu aliyeombwa kusogea kwenye benchi. Hata kukuuliza utaishi na nani sikukuuliza.

Kwa hiyo nakuambia sasa, na ulishike hili hata kama mengine yote utayaacha: hudaiwi. Si na mimi, si na mama yako, si na guta. Usitume kitu kwa ajili ya hilo. Ukituma kwa sababu umetukumbuka, ni jambo lako na Mungu wako. Ukituma kulipa, utakuwa unanipiga.

Na kuna jambo jingine, la kuogofya zaidi, ambalo limenijia nikiwa naandika hapa. Unakwenda kwenye nyumba yenye mashine ya kufulia, pasi, jiko, vyombo vya watu. Vitu vinaharibika. Siku moja kitu kitaharibika na mwenye nyumba atageuka akuangalie. Na wewe nimekuzoesha. Mwaka mzima nimekufundisha kwamba ukiambiwa umeharibu, unasema mara moja kwamba uliziba kwa nailoni, unaambiwa unyamaze, unanyamaza, kisha unalipa. Umejifunza vizuri, mama yangu, ulikuwa mwepesi wa kujifunza tangu mdogo. Huko ugenini sitakuwepo kukuambia kwamba nilikudanganya. Kwa hiyo ukisingiziwa, rudia. Sema mara ya pili. Sema kwamba taa inawaka na breki haijashikwa. Kama hawataki kusikiliza, si kwa sababu huoni vizuri. Uliona vizuri kuliko mafundi, uliona ukiwa unatembea nyuma kwa miguu, umetukanwa.

Sina nasaha nyingine. Najua barua kama hizi huwa na nasaha nyingi, na ninazo kichwani, nyingine nzuri, lakini nikitaka kuziandika najiuliza nani anazitoa, nakwama.

Wala sina la kukupa ubaki. Hilo nalo lazima niliseme wazi, nisije nikajifanya nimefungua mlango. Guta limekwenda Kawe. Kiwanja kilikwenda zamani. Magoti haya hayawezi tena pedali, na mashineni sijui nitaingiaje kesho na wale watu wameona nilichokiona. Ukibaki tutakuwa watu watatu ndani ya vyumba viwili, tunaangalia ukuta wenye alama za matairi. Chuo kitabaki pale kilipo, kwa wenzio. Sikuambii usiende. Ningekuwa na haki hiyo ningeitumia, lakini haki hiyo niliitoa siku niliyosema sawa. Nilichonacho ni habari tu, na habari yenyewe haibadilishi kitu chochote isipokuwa kwamba uliondoka, kama utaondoka, bila kosa.

Mwanzo nilifikiri niitie barua hii katikati ya kanga zako, uikute ukishafika huko. Nikajiona. Ningekuwa nimejiokoa mimi, wewe ungekuwa umekaa kwenye chumba cha watu, mbali, huwezi hata kunipigia kelele. Kwa hiyo nitakupa mkononi mkirudi. Uisome hapa, nikiwa nimekaa. Mama yako nitamwambia mwenyewe, hilo usibebe wewe.

Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukitaka kwenda mashineni uwaambie wote wale, nitakusindikiza, nitasimama nyuma yako useme mpaka uchoke. Ukichana karatasi hii mbele yangu nitaviokota vipande bila neno. Nimejiandaa kwa hayo yote na kwa kweli nayatamani.

Ninaloliogopa ni jingine. Nakujua. Naogopa utaisoma mpaka mwisho, utaikunja vizuri, utaniangalia kwa macho yale uliyoniangalia mchana nilipoomba chumvi, utasema, "Baba, yameisha, usijali," kisha utainama uendelee kupanga nguo zako kwenye begi.

Baba yako,
Shomari